Maji Maniema ya kusini: robine ipokelewe saa kumi na mbili ya asubuhi, si saa ya hotuba

Siku ya sherehe maji hayakosi. Mkubwa anakata utepe, anafungua robine, maji yanaruka mpaka kwenye viatu vyake, wamama wanapiga vigelegele, na mbele ya jua kuzama picha imekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp kutoka Kasongo mpaka Kindu. Miezi michache kisha, kwenye robine ileile, bidoni za njano zimepangwa mstari tangu alfajiri na kinachotoka ni uzi mwembamba. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema pesa ziliibwa. Yule anasema watu wa mtaa wa chini wametoboa tiyo. Wa tatu anapunguza sauti na kutaja mkono wa mtu.

Wakaaji wa Wamaza, sawa na wale wa vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare, wanaijua hadithi hiyo. Asiyeiona kwake ameisikia kwa shemeji yake. Wizi upo, hakuna sababu ya kuuficha. Lakini mara nyingi ukavu wa robine ulikuwa umekwisha kuandikwa ndani ya tiyo siku ileile ya sherehe, na hakuna aliyeuona, kwa sababu siku hiyo robine moja tu ndiyo inafunguliwa. Zingine zote zimefungwa, zinangoja zamu. Mtandao wa maji wenye robine moja iliyo wazi unaonyesha nguvu ambayo hautakuwa nayo wakati watu wanaamka na kushika bidoni zao.

Kazi yoyote ya maji katika Maniema ya kusini isipokelewe tena saa ya hotuba. Ipokelewe saa kumi na mbili ya asubuhi, robine zote zikiwa wazi kwa mara moja, na kipimo kichukuliwe kwenye robine iliyo mbali zaidi na ile iliyo juu zaidi, wakaaji wenyewe wakishika bidoni na saa. Kama bidoni ya lita 20 haikujaa katika muda ulioandikwa kwenye mkataba, asiweko mtu wa kutia sahihi. Jambo hilo linaonekana dogo. Anayetaka kujua kwa nini si dogo inafaa aingie kidogo ndani ya tiyo.

Nusu ya somo hilo inajulikana na kila aliyewahi kununua petroli kando ya barabara. Muuzaji, yule ambaye miji ya mashariki inamwita kadafi, anaingiza tiyo ndogo ndani ya pipa, anavuta kwa mdomo, anashusha ncha ya tiyo ndani ya bidoni iliyo chini, na petroli inatembea yenyewe. Akiinua bidoni mpaka juu ya usawa wa petroli iliyo ndani ya pipa, inasimama. Hapo hakuna pompi wala umeme. Kinachofanya kazi ni tofauti ya kimo kati ya uso wa petroli na ncha ya tiyo.

Maji ya chemchemi yanayoshuka kijijini yanafuata sheria hiyohiyo. Nguvu inayoyasukuma, ambayo waliosoma wanaiita presio, inatokana na kimo. Hesabu yake haihitaji diploma: kila mita 10 za kimo kati ya uso wa maji ya juu na robine ya chini zinatoa msukumo wa karibu bari moja. Mita 30 ni karibu bari tatu. Urefu wa njia hauongezi kitu katika hesabu hiyo, upana wa tiyo pia hauongezi, na hata ukubwa wa tangi hauongezi.

Hilo la tangi linahitaji kurudiwa, kwa sababu linakula pesa nyingi. Maji yakikosa nguvu, wazo la kwanza la wengi ni kujenga tangi kubwa zaidi. Tangi la lita 5,000 na tangi la lita 50,000, yakiwekwa kwenye kilima kimoja na maji yake kwenye usawa mmoja, yanatoa msukumo uleule kwenye robine. Tangi kubwa lina kazi nyingine, nayo ni kazi ya maana: kuweka akiba. Chemchemi inayotoa lita moja kila sekunde tatu inaonekana maskini, lakini kwa saa 24 inatoa karibu lita 29,000, na sehemu kubwa ya maji hayo yanakuja usiku wakati watu wamelala. Tangi linayashika mpaka asubuhi. Halisukumi zaidi. Kijiji kinachotaka msukumo kitafute kilima kingine au kipandishe shato lake. Simenti ya kupanua tangi haitakisaidia.

Nusu ya pili ya somo ndiyo inayowaangusha watu, na ndiyo inayoeleza sherehe.

Maji yaliyosimama ndani ya tiyo yanashika msukumo wote wa kimo chake. Yakianza kutembea, yanajisugua kwenye ukuta wa tiyo na yenyewe kwa yenyewe, na sehemu ya msukumo inapotelea njiani. Kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyopoteza, tena si kwa kipimo sawa: kiasi cha maji kikiongezeka mara mbili ndani ya tiyo ileile, hasara inakaribia mara nne.

Chukua mfano wa kijiji kilicho na tangi kilimani, robine sita bondeni mita 30 chini ya tangi, na tiyo ya plastiki ya milimita 63 yenye urefu wa kilomita mbili kati yake. Mkubwa anafungua robine moja. Yanapita maji kidogo, hasara ya njiani ni ndogo, na robine inapata karibu bari tatu nzima. Ndiyo maana viatu vinalowa. Kesho yake asubuhi robine sita zinafunguliwa pamoja, na tuseme zinataka lita mbili kwa sekunde. Sasa tiyo inakula karibu mita 23 kati ya zile 30. Inabaki mita saba, yaani chini ya bari moja. Robine za bondeni zinaendelea, kwa uvivu. Na kama kituo cha afya kimejengwa kwenye kilima kidogo, mita 10 juu ya mtaa, robine yake ina mita 20 tu chini ya tangi. Njia imekwisha kula 23. Haipati kitu. Mama aliyejifungua usiku anaoshwa kwa maji ya mtoni, na robine ya chuma inang'aa ukutani.

Hakuna mwizi katika mfano huo. Hakuna tiyo iliyotobolewa. Kila kitu kilijengwa, kila faktura ililipwa, na robine moja ilikuwa kavu tangu karatasini.

Mwizi anaingia sasa, maana kuna mlango wake. Ndani ya tiyo kipenyo ndicho kinachotawala kuliko kitu kingine chochote. Kilomita moja ya tiyo ya milimita 63 inayopitisha lita moja kwa sekunde, ambayo ni bidoni ya lita 20 kwa sekunde 20, inapoteza karibu mita tatu za msukumo. Maji hayohayo, kiasi hichohicho, yakilazimishwa kupita katika tiyo ya milimita 32, yanataka kilima cha mita 100 kwa kila kilomita. Kipenyo kimegawanywa kwa mbili, hasara imeongezeka mara 30 na zaidi. Katika kijiji cha mfano wetu, tiyo ya 32 kwenye kilomita mbili ingeleta bidoni moja kwa karibu dakika nzima, hata kama robine zote zingine zingefungwa.

Tiyo nyembamba ni ya bei ndogo, inapakiwa kwa urahisi kwenye lori, na katika njia za Kasongo na Kabambare, ambako mzigo unaweza kukwama kwenye matope siku nyingi, kila kilo ina bei yake. Kishawishi kinaeleweka: kuandika 63 kwenye bajeti, kulaza 40 au 32 ardhini, na kufunika. Mwezi mmoja kisha majani yameota juu ya mtaro. Lakini kila tiyo ya kiwandani ina maandishi ubavuni: kipenyo, na mara nyingi herufi PN na namba. Kijana yeyote anayejua kusoma anaweza kuyanakili katika daftari la kamati kabla ya mtaro kufunikwa. Kazi ya asubuhi moja. Ni ajabu kwamba katika kamati nyingi za maji daftari la michango linalindwa kama Biblia au Kurani, na daftari la tiyo halipo kabisa.

Ile PN nayo ina habari yake. Inasema ni bari ngapi tiyo inaweza kuvumilia: PN 6 ni mita 60 za maji, PN 10 ni mita 100. Kijiji kilicho chini sana ya chemchemi yake, mita 90 kwa mfano, kikiwekewa PN 6, tiyo itapasuka, na itapasuka usiku. Usiku robine zote zimefungwa, maji yamesimama, hakuna kinachopotea njiani, na msukumo wote unalala juu ya ukuta wa plastiki bondeni. Asubuhi watu wanakuta ziwa dogo kwenye mashamba ya mihogo na wanaanza kutafuta nani alipita na panga. Dawa inajulikana miaka mingi: kisanduku cha saruji kilicho wazi, katikati ya mteremko, ambamo maji yanamwagika, yanasahau msukumo wa juu, na kuanza upya kutoka hapo. Mafundi wanakiita sanduku la kuvunja msukumo. Anayekagua mradi aulize kiko wapi.

Mtu anaweza kujibu kwamba wakaaji wa Wamaza wanahitaji maji, si fizikia. Wana vita vya kukumbuka, wana wakimbizi wa ndani wa kupokea, wana barabara iliyokufa. Nani atapata muda wa kuhesabu bari? Jibu ni kwamba hesabu inafanywa hata hivyo. Ama inafanywa mbele, kwa kalamu, ama inafanywa nyuma, kwa shingo za wasichana wanaobeba bidoni wakati wenzao wanaingia darasani.

Tena kupima si jambo geni huko. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Kasongo ilikuwa mahali ambapo waganga wa Kongo na wenzao wa Ubelgiji walifuata watoto kijiji kwa kijiji kujua kama chanjo ya surua inaokoa maisha kweli. Matokeo yalitoka mwaka 1981 katika jarida la Lancet, na jina la Kasongo linasomwa hadi leo katika shule za afya ya umma za nchi za mbali. Watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Kuhesabu sekunde za bidoni hakuwezi kushinda hilo.

Historia ya nyuma zaidi ina uchungu wake. Katika miaka ya 1870 na 1880 Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip, na misafara ilitoka Maniema na pembe na watu waliofungwa, kuelekea pwani. Wakati huohuo, kule Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliwaletea wakaaji wa mji wake maji ya tiyo kutoka chemchemi ya Chemchem, nje ya mji. Mali ilienda Unguja, lugha ya Kiswahili ikabaki Kasongo, lakini tiyo haikupanda njia ya msafara kurudi. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliuteka mji, na hesabu ikaanza upya na bwana mwingine.

Na isifikiriwe kwamba kuongoza maji kwa mteremko ni ujuzi uliozaliwa Ulaya. Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifongo, mifereji inayozunguka mlima kwa mteremko mdogo sana, na walikuwa na wazee wa kugawa zamu na kutoza faini kabla Mzungu yeyote hajaja na kipima-usawa chake. Ulaya iliongeza hesabu ya tiyo iliyofungwa. Mmoja wa waliohesabu vizuri alikuwa Henry Darcy, mhandisi wa serikali huko Dijon, Ufaransa. Mwaka 1840 maji ya chemchemi iliyo zaidi ya kilomita 12 yalifika katika mji wake kwa mteremko tu, na mwaka 1856 alichapisha kitabu kizima juu ya kazi hiyo, na vipimo vyake, ili wengine wasome. Jina lake bado liko katika fomula ambayo wahandisi wanaitumia kuhesabu hasara ndani ya tiyo. Kinachogusa ni kwamba mtu wa ofisi alikubali kuweka namba zake mbele ya macho ya watu.

Katika Kongo ya mashariki kuna mji mmoja ambako namba za maji ziliwekwa kando ya namba za wagonjwa, na ni Uvira. Watafiti wa chuo cha London cha usafi na magonjwa ya nchi za joto walichukua maji ambayo Regideso ilitoa kila siku, kutoka 2009 hadi 2014, wakayalinganisha na watu walioingia kwenye kituo cha kutibu kolera. Kazi yao ilitoka mwaka 2015. Baada ya siku moja bila maji ya robine, katika siku 12 zilizofuata walioshukiwa kuwa na kolera walikuwa mara mbili na nusu kuliko baada ya siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu wagonjwa 23 kwa 100 waliweza kuhesabiwa juu ya upungufu huo wa maji.

Njia ni mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mama: robine ikikauka, mtu anarudi ziwani au mtoni. Ya pili haionekani. Tiyo iliyojaa msukumo, hata ikiwa na ufa, inasukuma maji nje. Inavuja, lakini uchafu hauingii. Tiyo iliyopoteza msukumo inafanya kinyume. Maji ya mtaroni, ya choo cha jirani, ya dimbwi ambamo bata wanaoga, yanapata nafasi ya kuingia kupitia ufa uleule. Maji yanaporudi, bidoni ya kwanza inabeba yote hayo. Kwa hiyo kukatakata maji, saa mbili leo, saa tatu kesho, kuna hatari yake hata kama jumla ya lita inaonekana nzuri kwenye ripoti. Kolera imepita Maniema mara nyingi, na vijiji vya kando ya Lualaba vinajua gharama yake. Kamati inayofungua maji baada ya siku za ukavu iache yamwagike kwanza, na bidoni za mwanzo ziende kwenye kufua au kwenye matofali.

Mashirika na serikali sasa wanapenda kisima kirefu chenye pompi ya jua. Ni kazi nzuri pale ambapo hakuna chemchemi ya kilimani. Lakini pompi haifuti sheria ya kimo. Inabadilisha tu anayelipa. Wakaaji wa Goma wanalijua hilo: ziwa liko chini, mji unapanda kuelekea volkano, na kila lita inayofika kwenye mitaa ya juu imepandishwa na mashine. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme kukatika, robine zilikauka na watu wakashuka ziwani na bidoni. Mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila au Namoya naye anajua mpaka wa mashine: motopompi iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kutoka zaidi ya mita saba hivi chini yake, hata ikipewa petroli ya kutosha, maana inayoyapandisha ni hewa inayokandamiza maji ya chini, na nguvu ya hewa ina kikomo. Ndiyo sababu mashine inashushwa ndani ya shimo, na moshi wake pamoja nayo, jambo ambalo limekwisha kuua watu katika machimbo mengi.

Kwenye kisima cha jua pompi inazama ndani kabisa na inasukuma kutoka chini, kwa hiyo kikomo hicho hakiigusi. Shida iko juu. Maji yanapandishwa kwenye tangi la plastiki lililosimama kwenye mnara wa chuma wa mita sita, na mita sita ni bari 0.6. Hiyo inatosha kwa robine zilizo kwenye uwanja uleule. Haitoshi kupeleka maji kwenye shule iliyo kilomita moja na nusu, juu kidogo. Lakini kwenye mipango shule imo, kwa kuwa inapendeza.

Mwaka 2024 nchi nzima ilizungumza juu ya mkataba wa vituo 1,000 vya maji, uliotiwa sahihi 2021 kwa karibu dola milioni 400, na jambo hilo likafika mahakamani. Maneno mengi yalikuwa juu ya bei ya kituo kimoja. Swali la bei ni halali kabisa. Ila katika kelele zote hizo, ni nani aliyeuliza kila kituo kina mnara wa mita ngapi, kinatoa lita ngapi kwa sekunde robine zote zikiwa wazi, na kiko mita ngapi chini ya nyumba ya mwisho? Kituo cha bei nafuu kisichofikisha maji nacho ni hasara. Mpango wa teritware 145, ambamo Kasongo na Kabambare zimo, unahitaji maswali hayo kuliko hotuba nyingine.

Haki haikosekani. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliwafungulia mlango wasimamizi wengine mbali na Regideso, na majimbo na serikali za chini zikapata sehemu yao ya wajibu. Kamati ya maji ya kijiji si klabu ya wamama wa kufagia chini ya robine. Inaweza kudai karatasi tatu kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa: mchoro wa kimo kutoka chemchemi mpaka robine ya mwisho, orodha ya vipenyo vya tiyo kipande kwa kipande, na kiasi cha maji kila robine itakachotoa zote zikiwa wazi. Kampuni isiyoweza kuonyesha karatasi hizo haijahesabu. Inayokataa kuzionyesha imehesabu kitu kingine.

Kuna jambo moja ambalo karatasi haitalitatua, na ni vane. Hata mtandao uliojengwa vizuri unataka robine za bondeni zibanwe kidogo ili za kilimani zipate. Fundi anafunga vane nusu, au anaweka kipande chenye tundu dogo, na maji yanagawanyika. Mtaa wa chini unaona robine yake imepunguzwa nguvu na kuuliza kwa haki gani. Mara nyingi mtaa wa chini ndio wa wenye maduka, au ndio wa chifu. Usiku mtu anakuja na ufunguo na kufungua yote. Hapo fizikia imemaliza kazi yake na yanabaki mambo ya watu: nani anashika ufunguo wa vane, na kama akifunga, ni nani atakayemtii. Kamati zinazodumu ni zile zilizolipatia swali hilo jibu mapema, mbele ya mtaa wote, na chifu akiwa amekaa hapo anasikia.

Kuhusu wakati wa kupima chemchemi, kosa la kawaida ni kuja wakati wa mvua. Magari yanayofika Januari, yakifika, yanakuta chemchemi imenona, na namba inayoandikwa ni ya uongo kwa miezi mitatu ya kiangazi. Kipimo kichukuliwe mwisho wa kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, kwa bidoni na saa ya simu, na kirudiwe kila mwaka na kamati yenyewe, bila kungoja mgeni. Na pale penye tangi na tiyo, kamati iwe na manometa, saa ndogo ya kupimia msukumo ambayo inafungwa kwenye mdomo wa robine na kuingia mfukoni. Isomwe mara mbili: usiku robine zikiwa zimefungwa, na saa kumi na mbili ya asubuhi zikiwa wazi. Namba ya usiku inaonyesha kimo cha maji ya juu. Namba ya asubuhi inaonyesha tiyo gani ilizikwa.